Kabari ya Marehemu

Hebu niambie, ukiona lori limesimama kwenye mwinuko, limejaa mpaka linafurika, dereva ameegemea dirisha anakohoa, huwa unajiuliza ni nini kinacholizuia lisirudi nyuma?

Watu wa mitaa ya juu hawakujiuliza. Waliliona lori la taka likija kila asubuhi, likisimama, likipakia, likiondoka. Wasichokiona, kwa sababu kilikuwa chini na nyuma, ni mwanamke mmoja na kipande cha mti.

Mti wenyewe ulikuwa kabari. Upande mmoja mnene kama mkate, upande wa pili mwembamba kama ulimi, urefu wake tangu kiwiko hadi ncha za vidole. Ilitobolewa tundu kwenye unene wake na kutiwa kamba, ili anayeitoa asiingize mkono chini ya gurudumu. Kamba ilikuwa imekatika mara tatu na kuungwa mara tatu, na mwanamke huyo aliyajua mafundo yake kama ulimi unavyojua meno. Walimwita Mama Kabari. Wengine hawakufikiri kwamba ana jina lingine.

Kazi ilikwenda hivi. Lori likifika kwenye rundo, dereva anakanyaga breki ya mguu kwa uzito wake wote, amejiinua kitini kama anayetaka kusimama. Mama Kabari anaruka kutoka kibao cha nyuma, anapiga magoti, anaisukuma kabari nyuma ya gurudumu la kulia, anaipiga kisigino mpaka iume. Kisha anagonga bati la ubavuni kwa ngumi, mara mbili. Ngo, ngo. Hapo ndipo dereva anapoinua mguu, taratibu, na lori linakaa juu ya kabari likiguna kama mzee anayekaa kigodani. Wapakiaji wanaanza. Wakimaliza, dereva anatia moto, lori linapanda kiasi cha shubiri, Mama Kabari anavuta kamba, anakimbia, anadandia. Rundo lingine. Tangu alfajiri hadi jua la utosi walikwenda hivyo, mara arobaini na kitu.

Breki ya mkono ilikuwapo, usidhani haikuwapo. Ilisimama kando ya kiti cha dereva, kichwa chake cha mpira kimeng'arishwa na viganja vya madereva wanne waliotangulia. Ukiivuta inalia krr, krr, krr mpaka juu kabisa, halafu haishiki hata sahani. Dereva alitundika hapo mfuko wake wa chakula. Kijiko, mpakiaji ambaye hakuonekana bila sepetu yake hata siku ya mapumziko, alikuwa akisema ofisi haijawahi kununua kitundikio kizuri kama kile.

Jumatano moja walikuwa mtaa wa nyuma ya soko, ule mwembamba wenye ukuta wa matofali upande mmoja. Hapo hawakuwa na mazungumzo. Hata Kijiko alifunga mdomo.

Mama Kabari alikuwa amepiga magoti, kabari ingali mikononi, haijagusa ardhi. Akasikia changarawe zikisagika. Akatazama: meno ya tairi, yale yale yaliyokuwa mbele ya macho yake, yalikuwa yanashuka. Si kwa haraka. Taratibu, kama mtu anayepita kando ya kitanda chako bila kutaka kukuamsha. Aliitupa kabari chini na kuisukuma kwa viganja vyote viwili. Tairi likaipanda nusu, mti ukalia, lori likatulia. Alipoutoa mkono wa kushoto, ukucha wa kidole cha kati ulikuwa umeng'oka nusu.

Alivua kitambaa cha kichwa, akakifunga kidole, akaenda mbele hadi mlango wa dereva.

"Shemeji, umeachia."

Dereva na marehemu mume wa Mama Kabari walikuwa wakiitana ndugu. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi kwenye masharubu tu, kama aliyekunywa maziwa akasahau kujifuta.

"Si umegonga?"

"Sijagonga."

"Umegonga, shemeji. Nimesikia mara mbili. Hapa." Alinyoosha mkono dirishani akaligusa bati la mlango kwa nje, na mkono ukarudi haraka kana kwamba limemchoma.

"Lilikuwa tumbo langu hilo," akasema Kijiko kutoka nyuma. "Tangu jana linagonga, hakuna anayefungua."

Hakuna aliyecheka. Kijiko mwenyewe aliinamisha kichwa, akachota taka, akatupa.

Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule. Mara mbili za kwanza Mama Kabari alinyamaza, akidhani masikio ya dereva yanazeeka. "Pigo la kwanza lilikuwaje?" alimuuliza sasa, polepole. "Yaani la kwanza na la pili, yalikuwa sawa?"

Dereva alitazama kioo cha mbele. "La kwanza zito. La pili jepesi."

Basi Mama Kabari akajua. Mumewe ndiye aliyekuwa akigonga hivyo, la kwanza zito, la pili jepesi, kama mgeni anayebisha hodi huku akiomba radhi. Yeye mwenyewe hugonga yote mawili sawa.

Mumewe ndiye aliyekuwa na kabari kabla yake. Miaka miwili nyuma, siku ya mvua, lori lilimrudia kabla hajainuka, likambana na ukuta ule wa matofali. Ripoti ya ofisi ilipigwa kwa mashine, mistari minne: mfanyakazi aligonga kabla ya kuhakikisha kabari imekaa, ni uzembe wake mwenyewe. Dereva alitia sahihi kwamba alisikia.

Siku ya tatu ya msiba, msimamizi wa yadi alifika nyumbani na wenzake wawili. Alivua viatu mlangoni. Aliongea kwa sauti ya chini, akamwita mama wa marehemu "mama yangu", akamshika mikono. Kisha akalifungua gazeti alilokuja nalo kwapani. Ndani mlikuwa na ovaroli la marehemu, limefuliwa na kupigwa pasi, na juu yake kabari. Nayo ilikuwa imeoshwa.

"Sisi hatutupi watu wetu," alisema. "Kazi ya marehemu ni ya familia yake."

Ndiyo iliyokuwa desturi ya yadi. Mfagiaji akifa, ufagio unakwenda kwa mkewe. Mzibua mitaro akifa, mwanawe anapewa buti. Waliiita mkono wa pole, na watu waliisifu, maana kwingine hata rambirambi huletewi. Wanawake waliokaa naye mkekani walishusha pumzi kwa niaba yake. Mmoja alimnong'oneza, "Una bahati, mwenzangu." Mama Kabari alikuwa na neno limemkaa kooni, lakini watoto walikuwa wawili, mama mkwe haoni, na macho yote yalikuwa yanangoja ashukuru. Akashukuru. Akatia sahihi kwamba familia imeridhika.

Jioni ya Jumatano ile, kama jioni zote, mama mkwe alinyoosha mikono apewe kabari. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akaipangusa kwa kitambaa kikavu, vidole vyake vikitembea juu ya mti pole pole kutafuta alama mpya. Hakuna aliyemtuma. Alianza siku ya tatu ya msiba na hakuacha.

"Leo limeiuma sana," alisema.

"Mzigo ulikuwa mkubwa, mama."

"Na mkono wako umefungwa. Nimeusikia ulivyopokea kikombe." Akaendelea kupangusa. "Mimi nimemzaa yule. Alikuwa mwoga tangu mdogo. Mtoto akiwekewa maji ya kuoga anatia kidole kwanza, halafu kiganja, halafu anamwita dada yake atie wake. Mtoto huyo aje akue, agonge kabla ya kuweka?"

Miaka miwili Mama Kabari aliulizwa swali hilo, na miaka miwili alikuwa akigeukia moto, kuupuliza hata kama unawaka.

Alhamisi asubuhi walikuta lori halipo mahali pake. Lilikuwa kwenye banda la ufundi, limeinuliwa kwa jeki na kutegemezwa magogo, magurudumu ya nyuma ya kulia yamelazwa kando kama masufuria. Fundi alikuwa amejikunyata mbele ya ekseli. Alikuwa mgeni pale, majuma matatu tu. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mikono ya shati imekunjwa mpaka mabegani, spana mfuko wa nyuma.

"Nani amesema lifunguliwe?" dereva aliuliza.

"Kijiko amesema jana. Halafu breki yenyewe ikasema leo." Fundi hakugeuka. "Mama, wewe ndiye Mama Kabari? Njoo uone unachokifanyia kazi."

Mama Kabari alichuchumaa kando yake. Ndani ya ekseli kulikuwa na vipande viwili vya chuma vyenye umbo la mwezi mchanga, vimevikwa kitu cheusi.

"Hivi vinatakiwa vitanuke, viibane ngoma hii kwa ndani," Fundi alisema, akikigonga kwa ukucha kile chuma cha mviringo kilichokuwa sakafuni. "Huu weusi ndio lainingi. Ndiyo inayoshika. Sasa gusa."

Aligusa kwa mkono wa kulia. Kidole kilirudi kimelowa.

"Sili imekufa, ule mpira wa kuzuia mafuta. Mafuta ya ekseli yamevujia humu miaka na miaka. Ni kumshika kambale kwa mkono wenye sabuni. Na waya wa breki umevutika. Unaona hii nati ilivyotafunwa? Ukaguzi ukikaribia wanaikaza, mkono ulie vizuri. Mkaguzi anakuja, lori liko hapa kwenye sakafu, anavuta, anasikia krr krr, anatia sahihi. Kwenye tambarare hata mbuzi ni breki."

Kijiko alicheka mpaka akajishika kwenye sepetu. "Kumbe tungefunga mbuzi, tungekula na nyama."

"Kutengeneza ni muda gani?" Mama Kabari aliuliza.

"Jua halitafika pale." Fundi alionyesha tangi la maji juu ya paa. "Lile lori bovu kule nyuma ni la aina hii hii. Lainingi zake bado nene, sili nzima, waya mzima. Nimeshavitoa. Hakuna cha kununua."

"Hakuna cha kununua?"

"Hakuna, mama."

Mama Kabari aligeuza shingo. Lori bovu lilikuwa limeegemea ukuta wa nyuma wa yadi, nyasi zimeota zikapita madirisha, mmea wa kutambaa umeingia upande mmoja na kutokea mwingine.

"Liko hapo tangu lini?"

"Mimi ni mgeni," Fundi alisema. "Wanasema linakwenda mwaka wa tano."

Mama Kabari alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Fundi aliimwagia ngoma petroli, akaisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaanza kung'aa. Mama Kabari aliitazama kazi hiyo vizuri, kila mkono wa brashi, na baada ya muda akagundua kwamba amelikumbatia lile pande la mti kifuani kama mtu anayeogopa wezi. Breki ikishika, kabari haina kazi. Kabari ikikosa kazi, aliyeishika ni nani? Huko nyumbani unga ulitoka humo. Sare za watoto zilitoka humo, na dawa ya kifua ya mama mkwe. Alimtazama Fundi aliyekuwa akimfanyia wema, na moyo ukamwambia amnyang'anye ile brashi.

Dereva alikuwa ameiokota lainingi ya zamani. Aliigeuza, akainusa, akaipima uzito mkononi.

"Shemeji," alisema.

"Ndiyo."

"Hakugonga."

Kijiko aliacha kutafuna kijiti chake.

"Siku ile nilikuwa nimekanyaga tangu alfajiri," dereva alisema, akiiambia lainingi. "Mguu ukaanza kutetemeka, hapa juu ya goti. Nikauvuta huu mkono. Nilijua haushiki, nikauvuta tu, mfa maji haachi kutapatapa. Kisha mguu ukateleza. Mara moja. Si hata mara moja kamili. Yule alikuwa bado ameinama. Baadaye wakaniletea karatasi imeshaandikwa, aligonga. Wakaniambia ni mimi au ni yeye, na yeye hatafukuzwa kazi tena. Nikatia sahihi. Sasa ndiyo anagonga. Kila siku anagonga, shemeji, na mimi naachia, maana niliandika kwamba akigonga nimesikia."

Petroli ilidondoka kwenye ngoma, tone, tone. Mama Kabari alikitazama kidole chake kilichofungwa.

"Mama yake anajua," alisema mwishowe. "Hakuwahi kusomewa hiyo karatasi ikamwingia."

Msimamizi aliingia bandani wakati Fundi amekwisha kuifunga ile sili nzima. Alikuwa kijana kuliko wote waliokuwa pale isipokuwa Fundi, nadhifu, kalamu mbili mfukoni, na hakuwa na tabia ya kupaza sauti. Alimsalimia Mama Kabari kwanza. Akamuuliza habari za bibi nyumbani. Kisha akapanda kwenye kiti cha dereva, akachomoa kadi ya ukaguzi iliyobandikwa kwenye kioo, akashuka nayo.

"Soma hapa, Fundi."

Fundi alijifuta mikono. "Breki ya mkono, mpya."

"Ya lini?"

"Mwaka jana."

"Na hii sahihi?"

"Yako, bosi."

"Sasa ukitia nyingine leo, watu watauliza ile mpya ilikwenda wapi."

"Hata mimi nauliza, bosi."

Msimamizi alitabasamu kama anavyotabasamu mtu kwa mtoto wa jirani. "Kitu kipya hakitengenezwi, dada. Rudisha ulichokikuta, funga gurudumu. Mitaa ya juu inanuka."

Fundi alikuwa mgeni, na mgeni ana hesabu zake. Aliwaza, akaona njia ya kujikinga, akaisema.

"Nitafunga. Lakini nataka karatasi. Wote wanaolipanda lori hili waandike kwamba breki inashika. Likiua mtu, jina langu lisikutwe peke yake."

Alidhani amemtia bosi kona. Msimamizi aliitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima akaukuta mlangoni.

"Hilo ni jambo la kufanya," alisema. "Hilo tu?"

Karatasi ilikuwa tayari kabla Fundi hajamaliza kuchomoa lainingi nene na kurudisha zile zilizolowa.

Mama Kabari aliitwa ofisini peke yake. Alipewa kiti chenye mto. Feni iligeuka upande wake, ikaondoka, ikarudi. Mezani karatasi ilikuwa na mistari mitano na nafasi nne za sahihi. Ya kwanza ya dereva, mkia wake umetetemeka hadi ukingoni. Chini yake Kijiko alikuwa ameandika herufi moja kubwa na kuizungushia duara, na mpakiaji mwenzake ametia dole. Ya nne ilikuwa wazi.

"Yaliyopita si ndwele, mama yangu," msimamizi alisema. "Tugange yajayo. Wewe ni mtu mzima, nikufiche nini? Breki ile ikishika, nafasi ya kabari inakufa. Nikuweke wapi? Fundi ni mtoto, hajui kwamba kila nati anayoikaza inamtoa mtu kazini. Mimi ninakulinda."

"Nimesikia, bosi."

"Na kusema kweli, jina lako ndilo lenye uzito. Mjane wa marehemu akisema inashika, nani atabisha?"

"Na kama sikutia?"

"Basi hujatia. Mimi simlazimishi mtu." Alitazama dirishani. Nje ya lango, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, wanawake watano walikuwa wamekaa kwa mstari wakingoja kibarua, mafagio yao magotini. "Ila kabari ni kitu cha ofisi, mama. Kitu cha ofisi hakikai bila mtu."

Mama Kabari alichukua kalamu. Aliikandamiza karatasi kwa mkono uliofungwa, akaiweka ncha kwenye nafasi ya nne. Alimwona mama mkwe kwenye kigoda, vidole vyake vikitafuta alama kwenye mti. Aliwaona watoto wakirudishwa kutoka shule na barua ya mwalimu mkononi. Doa la wino lilianza kuvimba pale ncha ilipokaa.

Huko bandani Fundi alikuwa akiirudisha ngoma mahali pake kwa nyundo ya mpira. Pigo la kwanza lilikuwa zito. La pili lilikuwa jepesi.

Kalamu ililala mezani.

"Siwezi, bosi."

Msimamizi hakukasirika. Aliifunga kalamu kifuniko chake, akaiangalia saa, akatoka nje mpaka langoni. Alirudi na mwanamke wa mwisho katika mstari, mwembamba, magoti yake bado na vumbi la pale alipokuwa amekaa. Hakusomewa karatasi. Aliuliza, "Wapi?" Akaonyeshwa. Akalichovya dole gumba kwenye wino, akalibonyeza juu ya doa aliloliacha Mama Kabari, kwa nguvu, akaling'ang'aniza ili wasije wakasema halikutokea. Lori hilo hakuwahi kulipanda hata siku moja.

Kisha, waliporudi bandani, msimamizi akanyoosha mkono, na Mama Kabari akampa kabari, na kabari ikapita kwa msimamizi kwenda kwa yule mwanamke, aliyeipokea kwa mikono miwili akikunja goti.

"Asante, bosi. Asante sana."

Kijiko alitazama pembeni. Dereva alikuwa ameshakaa kitini, mikono juu ya usukani, injini haijawashwa. Fundi alikaza nati ya mwisho, akaishusha jeki, akaenda kunawa. Alinawa muda mrefu kuliko uchafu aliokuwa nao.

Yule mwanamke alimsogelea Mama Kabari. "Dada, samahani," alisema kwa sauti ya chini, asisikike. "Hii inawekwaje?"

Mama Kabari alimtazama. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi na alinuka moshi wa kuni. Kisha akapiga magoti penye gurudumu, palepale kwenye sakafu ya yadi, akamwonyesha.

"Wembamba unatazama tairi. Isukume kwa mkono wa kulia, wa kushoto uwe nyuma yako, usiuweke ardhini. Piga kisigino mpaka usikie imeuma. Usisimame kati ya lori na ukuta. Ukuta wowote, sikia. Hata kama upande wa pili kuna tope, kaa kwenye tope."

"Sawa, dada."

"Ukisharidhika, ndipo unagonga. Mara mbili. Lakini dereva anaweza kuachia kabla hujagonga."

"Kwa nini aachie?"

Mama Kabari aliyakagua mafundo matatu ya kamba, moja moja, akalikaza la katikati.

"Anaweza tu," alisema.

Lori likawashwa. Moshi ukajaa bandani, ukatoka. Lilipita langoni likiyumba, yule mwanamke amedandia kibao cha nyuma, mkono mmoja kwenye chuma, kabari ameibana kwapani kama mkoba wa kwendea sokoni. Nje ya lango barabara ilianza kupanda pale pale.

Msimamizi alikuja kusimama karibu naye. Hakuwa na haraka. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kweli kuelewa jambo kabla ya kwenda kula.

"Mimi nashindwa kukuelewa, mama yangu. Wengine wanafiwa hawapati hata sabuni ya kufulia. Wewe tulikuja mpaka kwako. Ovaroli ulipewa, kazi ulipewa. Ulikuwa unataka nini zaidi?"

Kule juu dereva alibadilisha gia, na injini ikapiga kelele iliyomfanya msimamizi ainame, asogeze sikio.

"Nilikuwa nataka breki," Mama Kabari alisema.

"Nini?"

"Siku ile mliponifungulia gazeti mkekani, mkaniwekea kabari magotini, mimi nilikuwa nataka mtengeneze breki."